Msitu wa Shimogamo na Miembe Yetu



Nimeombwa niseme machache juu ya sanaa. Nitasema juu ya miti.

Ndani ya jiji la Kyoto, Japani, lipo hekalu la Shimogamo, lenye msitu wa kale uitwao Tadasu no Mori. Mwaka 1994 liliingizwa katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2016 wasanii wa kundi la teamLab waliimulika miti yake kwa taa. Usiku, mtu alipopita karibu na mti, mwanga ulibadilika rangi na sauti ikalia. Mti wa jirani ukapokea, na wa pili yake ukapokea, hata mbali. Aliyekuwa upande wa pili akajua kuwa kuna mwenzake anapita, ingawa hakumwona.

Ndugu zangu, ajenda ya leo yataka miembe ya bwenini ikatwe ili tujenge ukumbi. Ukumbi nauunga mkono. Lakini naomba ramani ichorwe upya, ukumbi usogezwe. Taa hununuliwa dukani siku yoyote. Mwembe uliopandwa na waliotutangulia haununuliki.