KIVIMBE CHA MSHIPA KILICHOPASUKA NDANI YA UBONGO

Mazungumzo ya Daktari kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia maradhi yanayokuja bila ya hodi. Ukuta wa mshipa wa damu wa ubongo huweza kudhoofika, hasa pale mshipa unapogawika, ukatuna mfano wa kipovu. Kipovu hicho huitwa anurisimu. Kikipasuka, damu humwagika kuuzunguka ubongo, na mgonjwa hushikwa ghafla na maumivu ya kichwa ambayo hajapata kuyaona maishani.

Miongoni mwa sehemu zilizo ngumu mno kufikiwa ni ncha ya mshipa wa basila, mbele ya shina la ubongo. Hapo pana vijishipa vyembamba vinavyolisha sehemu zinazomweka mtu macho. Kibanio kikikamata kimojawapo, mgonjwa huenda asizinduke.

Mwaka 1937, mjini Baltimore, Marekani, Walter Dandy aliibana shingo ya kivimbe cha ubongo kwa kibanio cha fedha. Hata hivyo, ncha ya basila iliendelea kuogopwa. Mwaka 1961 Charles Drake, wa mji wa London nchini Kanada, alitangaza habari za wagonjwa wanne aliowapasua mshipa huo, na kwa miaka mingi madaktari wa nchi mbali mbali walimwendea kujifunza. Kuanzia mwaka 1990 ikaja njia ya Guido Guglielmi: mpira mwembamba hupitishwa kutoka kwenye paja hadi ubongoni, na kivimbe hujazwa nyuzi laini za platinamu bila ya kufungua fuvu. Siku hizi njia hiyo hutangulizwa mara nyingi kwa ncha ya basila, ingawa si kila kivimbe kinaifaa.

Njia zote zina shabaha moja, nayo ni kukiziba kivimbe kabla hakijavuja tena. Hatari ya kuvuja mara ya pili ni kubwa zaidi katika saa 24 za mwanzo. Sisi wa visiwani huenda tukalazimika kumvusha mgonjwa bahari; saa zinazopotea nyumbani hazirudi.

Kwa hiyo mnaombwa:

(a) Mwenye maumivu makali ya ghafla, kutapika, shingo kukakamaa au kuzirai, apelekwe hospitali mara moja. Asipewe aspirini.

(b) Wakuu wa kazi wamruhusu mtumishi wa namna hiyo papo hapo, bila ya kungojea karatasi.

(c) Kila mtu apime shindikizo la damu na aache sigara.