Hadithi kwa Mtoto Mkimya

Mtoto mkimya, mwepesi wa kuguswa, husikiliza hadithi kwa mwili mzima. Huko Puge, wilayani Nzega, kama kwingine Unyamwezini na Usukumani, wazee husimulia habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu na mifugo hadi kijana Masala Kulangwa alipoliua na kulipasua tumbo, wakatoka wazima. Ni hadithi nzuri mno, haifai kuachwa. Lakini mtoto wa namna hii hubaki na lile tumbo lenye giza hata baada ya wenzake kulala.

Kwake, msimulizi atangulize kusema kwamba wote watatoka salama, apunguze sauti ya kutisha, kisha akae zaidi pale ndugu wanapokutana tena. Hadithi hiyo isimuliwe jioni mapema, si wakati taa inazimwa. Mtoto akijikunyata, akiziba masikio au akirudia swali lilelile, masimulizi yasimame, ajibiwe. Kumcheka ni kumfunga mdomo.

Za kulalia ni zile za sungura anayeshinda kwa akili, mradi fisi asichomwe moto mwishoni. Akiomba ileile kila usiku apewe, kwa kuwa kujua kinachofuata humtuliza.