Siku Mthamini Anapofika: Mazungumzo na Wananchi wa Mnyambe



Nyumba inapotwaliwa kupisha barabara au mradi mwingine wa umma, mwenyewe hulipwa kwa kufuata kile alichoandika mthamini. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Pamoja na thamani ya soko, huhesabiwa posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi. Taarifa ya uthamini huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali.

Hata hivyo, mthamini ni mgeni wa siku moja. Katika uwanda huu wa Makonde, ambako maji ni ya shida, tangi la maji ya mvua lililochimbwa uani ni mali kubwa. Likifunikwa na majani, laweza kupitwa. Vivyo hivyo jiko la nje, choo na mikorosho.

Basi siku hiyo mwenye nyumba awepo, aonyeshe kila alichojenga na kupanda, na aombe nakala ya fomu. Asiyejua kusoma asomewe na mtu anayemwamini kabla ya kutia dole gumba. Kisichoandikwa hakilipwi.