Tabibu wa Mjini na Tabibu wa Junju

(Maneno ya mwanachama mmoja, ambaye ni tabibu, katika mkutano wa tawi huko Junju. Tumeyapiga chapa kwa sababu wengi waliyaomba.)



Katika mkutano uliopita mzee mmoja aliuliza: "Ninyi matabibu mwagoma kwa nini? Si mwalipwa sawasawa nchi nzima?" Nimeombwa nimjibu leo. Nitasema kwa ufupi, maana wengi mmetoka kazini.

Kwanza tufahamiane. Tabibu si daktari, wala si muuguzi. Ni mtu aliyesoma diploma miaka mitatu, kisha akafanya mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Ndiye anayekupima, anayekuandikia dawa na kukushona jeraha. Katika vituo vingi vya mashambani daktari hayupo. Mgonjwa humkuta tabibu au muuguzi, basi.

Sasa mshahara. Tabibu mwenye diploma huanzia ngazi H ya utumishi wa serikali, na mshahara wa msingi hufuata ngazi. Mpaka hapo mzee wetu amesema kweli. Lakini mshahara wa msingi ni mstari wa kwanza tu wa hati ya mshahara. Hebu tuteremke chini.

Mstari wa pili ni fedha za nyumba. Kwa miaka mingi serikali imeigawa nchi kwa madaraja. La kwanza ni Nairobi peke yake. La pili ni miji kama Mombasa, Kisumu, Nakuru, na Malindi yetu. La tatu ni manispaa nyingine za zamani. La mwisho linaitwa "sehemu nyingine zote." Junju hii, ambayo watafiti wa malaria wa KEMRI kutoka Kilifi wameitembelea miaka na miaka kupima damu za watoto wetu, na jina lake likasomwa na madaktari wa ulimwengu mzima, katika karatasi ya mishahara haina jina. Ni "sehemu nyingine." Tabibu akihamishwa kutoka Malindi kuja hapa, cheti ni kile kile na kazi ni ile ile, lakini fedha za nyumba zinapungua.

Tunaambiwa kodi ya mashambani ni nafuu. Pengine. Lakini unga, mafuta na karo ya mtoto havina daraja la mashambani. Tena ukitaka kwenda benki au ofisini Kilifi, nauli ni yako.

Jambo la tatu ni mwajiri. Tangu mwaka 2013, kwa Katiba ya 2010, zahanati na hospitali nyingi ziko chini ya serikali za kaunti. Kaunti ni 47, kwa hiyo waajiri wetu ni 47. Tume ya Mishahara na Marupurupu hutoa ushauri kuhusu viwango, lakini kupandishwa cheo ni kazi ya kaunti, na fedha zikichelewa kutoka Nairobi mshahara nao huchelewa. Mimi mwenyewe, mahali fulani nilipofanya kazi zamani, nilikaa ngazi moja miaka mingi. Mwenzangu tuliyeketi naye darasani alikuwa kaunti nyingine, akapanda mara mbili. Nilipouliza, niliambiwa: "Ngoja, bajeti haijapita."

Jambo la nne ni mkataba. Mwaka 2020 maelfu ya wafanyakazi wa afya, matabibu wakiwamo, waliajiriwa kwa mkataba chini ya mpango wa afya kwa wote. Walitibu watu wakati wa korona, wakalipwa chini ya wenzao wa kudumu waliokuwa wakisimama nao wodi moja. Mwaka 2025 walipiga kambi nje ya Afya House, Nairobi, kudai haki yao. Na matabibu walipogoma mwaka 2024, tangu Aprili hadi Julai, mambo haya ya marupurupu, vyeo na ajira ya kudumu yalikuwa miongoni mwa madai yao.

Ndugu zangu, msidhani hii ni habari ya wenye koti jeupe tu. Amri ya mishahara ya Novemba 2024 ilimwekea kibarua wa kawaida kima cha chini cha kama shilingi 16,100 kwa mwezi Nairobi na Mombasa. Katika manispaa za zamani kama 14,900. Na katika sehemu nyingine zote kama 8,600. Maana yake, ukivuka daraja la Mtwapa kuja huku, jasho lako linashuka bei karibu nusu. Tabibu na kibarua tumekatwa kwa panga moja.

Na mwenye kuumia mwisho ni mgonjwa. Tabibu akiona Junju anapungukiwa, ataomba uhamisho aende mjini. Akiondoka, mama atafika na mtoto mwenye homa alfajiri, akute mlango una kufuli.

Kwa hiyo nawaombeni mambo matatu. La kwanza, kila mtu aisome hati yake ya mshahara mstari kwa mstari, asitazame jumla peke yake. La pili, anayeona upungufu amletee katibu wa tawi karatasi, si maneno. Mwajiri hubishana na maneno, lakini karatasi yake mwenyewe hawezi kuikana. La tatu, tunapodai nyongeza, tudai pia madaraja haya ya mahali yatazamwe upya, kwa tabibu na kwa kibarua pamoja. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Hakikusema "isipokuwa sehemu nyingine zote."

Mzee wangu, natumaini nimekujibu.