Litikise Shina la Mtende: Njia Nyepesi za Kuuinua Moyo Ulioelemewa

(Hotuba iliyotolewa msikitini baada ya Sala ya Alasiri)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w., jamaa zake na sahaba zake.

Leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analijua nafsini mwake, lakini ni wachache wanaolitamka mbele za watu. Nalo ni unyonge wa moyo. Mtu huamka asubuhi na mwili umechoka kana kwamba hakulala. Chakula hakina ladha. Salamu ya jirani huwa mzigo, na kazi ya nusu saa huonekana mlima. Akiulizwa ana nini, hujibu, "Nina mawazo tu," na mazungumzo huishia hapo.

Wako wanaodhani kuwa hali hii ni dalili ya upungufu wa imani. Tunawaomba ndugu hao wazingatie. Nabii Yaakub a.s. alihuzunika kwa kumpoteza Yusufu hata macho yake yakafifia, naye ni Nabii. Mtukufu Mtume s.a.w. alifiwa na Bibi Khadija r.a. na ami yake Abu Talib katika mwaka mmoja, yapata mwaka 619, na wanahistoria wakauita Mwaka wa Huzuni. Alipofariki mwanawe Ibrahim, alitokwa na machozi hadharani. Basi huzuni si dhambi, wala machozi si kufuru. Tunachotakiwa kujua ni namna ya kusimama tena.

Somo la Bibi Maryam

Tunalo fundisho kubwa katika kisa cha Bibi Maryam. Uchungu wa kuzaa ulimpeleka kwenye shina la mtende, akiwa peke yake, mbali na watu wake, na mbele yake kuna masingizio yanayomngoja. Alifikia kutamani kuwa angelikufa kabla ya siku hiyo. Je, ni nini alichoambiwa wakati huo? Alitulizwa asihuzunike, akaonyeshwa maji yaliyo chini yake, akaamrishwa alitikise shina la mtende ili tende mbivu zimwangukie. Kisha ale, anywe, na jicho lake liburudike.

Ndugu zetu, tutafakari mpangilio huo. Mwanamke aliye katika uchungu ana nguvu gani za kutikisa mtende? Mwenyezi Mungu alikuwa na uwezo wa kuziangusha tende hizo bila mkono wa mtu. Hata hivyo alimtaka afanye tendo dogo alilolimudu. Hakuambiwa angoje mpaka moyo utulie ndipo anyooshe mkono. Mkono ulitangulia, na utulivu ukafuata.

Hili ndilo neno letu la leo. Mtu mnyonge wa moyo husema, "Nikipata nafuu nitatoka nje, nikipata nafuu nitamtembelea ndugu yangu." Anaingoja nafuu ije ndipo atende, na nafuu nayo inangoja tendo. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, Peter Lewinsohn, alieleza jambo hili: mwenye huzuni hujitenga na yale yaliyokuwa yakimfurahisha, na kule kujitenga kunazidisha huzuni, hata akawa kama mtu azungukaye kinu. Tiba iliyojengwa juu ya maelezo hayo humtaka mgonjwa apange matendo madogo na kuyatimiza, hata kama moyo haujataka.

Katika dua moja mashuhuri, Mtukufu Mtume s.a.w. alijikinga kwa Mola wake na wasiwasi na huzuni, akafuatanisha hapo hapo unyonge na uvivu. Mambo haya ni majirani. Likiingia moja, jingine hubisha hodi.

Njia zenyewe

Kwanza, tuanze na mwili. Bibi Maryam alipewa maji na tende kabla ya kutumwa kurudi kwa watu wake. Bibi Aisha r.a. alikuwa akiamuru wafiwa wapikiwe talbina, yaani uji wa shayiri, na alipokea kwa Mtume s.a.w. kwamba uji huo huutuliza moyo wa mgonjwa na kupunguza baadhi ya huzuni. Hivyo mtu akijiona mzito, ajiulize: Nimekula nini leo? Nimekunywa maji? Nimelala saa ngapi? Mara nyingi tunailaumu dunia nzima, kumbe tuna siku tatu hatujala mlo wa kueleweka. Tukumbuke pia kuwa Mtume s.a.w. hakupenda mazungumzo baada ya Sala ya Isha. Leo wengi wetu tunazungumza na simu mpaka saa nane za usiku, kisha tunashangaa kwa nini Alfajiri inatushinda na mchana unatuwia mchungu.

Pili, tutoke nje asubuhi. Mwanga wa asubuhi huusaidia mwili kujua saa zake za kuwa macho na saa zake za kulala. Mwenye kuswali Alfajiri msikitini ameshapata nusu ya dawa hii. Asiifute kwa kurudi kujifunika shuka mpaka jua la utosi. Atembee, azunguke mtaa, apite sokoni au ufukweni. Si lazima aende mbali. Robo saa ya kutembea ni bora kuliko kukaa chumbani na pazia limefungwa.

Tatu, tuchague tendo moja dogo. Fagia uwanja. Fua kanzu moja. Mwagilia mchicha. Panga tendo hilo tangu usiku, na lipe wakati wake: "Kesho baada ya chai nitafanya hili." Usijipangie kumi, kwani ukishindwa tisa utajilaumu kwa hizo tisa na kulisahau moja ulilolitimiza.

Nne, tuweke akiba ya fikra njema. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijiria, sawa na mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi pamoja. Alishauri kuwa kama vile mtu mzima wa afya anavyoweka dawa nyumbani kwa ajili ya dharura, vivyo hivyo akusanye mawazo mema wakati ametulia, ili ayatumie siku nafsi inapochafuka. Basi siku ya furaha, chukua karatasi uandike neema ulizo nazo, na shida ulizowahi kuvuka ulipodhani hutavuka. Siku ya giza, isome karatasi hiyo. Usitegemee kuyakumbuka hayo wakati huo, maana huzuni husahaulisha.

Tano, tusikae peke yetu. Mtume s.a.w. alipopata wahyi wa kwanza na kurudi nyumbani akitetemeka, alimweleza mkewe. Bibi Khadija r.a. hakumkemea wala hakumwambia ajikaze. Alimfunika kwanza, kisha akamkumbusha mema yake, jinsi anavyounga udugu, anavyobeba mizigo ya wanyonge na kumkirimu mgeni, kisha akafuatana naye kwa mtu mwenye elimu, Waraka bin Naufal. Hatua hizo tatu zinatosha kumfundisha kila mume, kila mke na kila rafiki: mhifadhi, mkumbushe wema wake, msindikize kwa ajuaye.

Faida ya kusikilizwa imeonekana hata katika zama zetu. Mjini Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi vizee 14 wa kitongoji cha Mbare. Bibi hao huketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, humsikiliza, kisha humsaidia achague tatizo moja tu kati ya mengi aliyo nayo, na hatua moja ya kulikabili. Matokeo ya utafiti yaliyotangazwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa baada ya miezi sita waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Malawi na Zanzibar. Je, baraza zetu na kumbi za misikiti yetu hazina wazee wenye masikio?

Sita, tumtendee mtu wema. Mpelekee mgonjwa uji, mfundishe mtoto herufi mbili. Mwenye kubeba mzigo wa mwenziwe hupata kuusahau wake kwa muda, na muda huo ni mapumziko.

Na katika yote hayo, sala. Mtume s.a.w. alipokabiliwa na jambo zito alikimbilia sala. Nayo ni tendo la mwili pia: kuna maji ya udhu, kuna kusimama na kusujudu, na bega la ndugu yako liko kando yako safuni.

Njia hizi zisipotosha

Hatutaki mtu atoke hapa akidhani kuwa uji na matembezi hutibu kila kitu. Al-Balkhi mwenyewe alitofautisha huzuni yenye sababu ijulikanayo na ile isiyojulikana sababu yake, akasema kuwa hii ya pili asili yake ni mwilini nayo yahitaji tiba ya mwili. Kama unyonge umedumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, na umemzuia mtu kula, kulala au kufanya kazi, huo huenda ni ugonjwa wa sonona. Aende zahanati au hospitali. Mtume s.a.w. ametuhimiza kujitibu, na hakuna aibu kwenda kwa daktari wa akili, kama ambavyo hakuna aibu kwenda kwa daktari wa meno.

Na mtu akisema maisha yamemchosha, au kwamba afadhali asingekuwepo, tusimhubirie adhabu ya kaburi. Tumuulize waziwazi kama anafikiri kujidhuru, tusimwache peke yake, na tumfikishe hospitali siku hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa zaidi ya watu 700,000 hufa kila mwaka kwa kujiua. Wengi wao walikuwa na majirani. Bibi Maryam naye alitamani mauti. Hakukaripiwa, alipewa maji.

Ndugu zetu, tukitoka hapa jioni hii, kila mmoja amkumbuke mtu mmoja ambaye safu imemkosa kwa wiki kadhaa. Tusimngoje. Twende tukamgongee mlango, na tusiende mikono mitupu.

Mwenyezi Mungu awaondolee dhiki wenye dhiki, awaponye wagonjwa wetu wa mwili na wa nafsi, na atujaalie kuwa sababu ya faraja kwa waja Wake. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.