Heshima Isiwe Kumkalisha Mzee Kitini

Hotuba iliyosomwa katika kikao cha mchana cha mkutano wa ukoo



Namshukuru mwenyekiti wa jumuiya yetu kwa kunipa nafasi hii. Mimi si daktari. Nasimama mbele yenu kama mwana aliyemuuguza baba yake, na nitakayoyasema niliyajua kwa kuchelewa.

Marehemu baba yetu alipoanza kutetemeka mkono wa kulia, tulisema ni uzee. Alipoanza kukokota miguu, tulisema ni baridi ya Ulaya. Alipoanguka ukumbini mara ya pili ndipo tulipompeleka hospitali, tukaambiwa kuwa ana ugonjwa wa Parkinson. Basi tukamfanyia yale tuliyolelewa kuwafanyia wazee: tukamkalisha. Chai aliletewa, viatu alivishwa, mlango alifunguliwa. Haikupita miaka miwili, na mtu aliyekuwa akienda msikitini kwa miguu yake hakuweza tena kuinuka kitini peke yake. Ugonjwa ulimdhoofisha, lakini na heshima yetu ilichangia.

Maradhi haya yalielezwa mwaka 1817 na tabibu wa London, James Parkinson, ambaye ndiye yaliyepewa jina lake. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa kidogo kidogo, na bila ya dopamini ya kutosha mwili hauendi tena wenyewe kama ulivyozoea. Hatua hufupika, mgongo huinama, mikono huacha kupunga, na mara nyingine miguu hunasa sakafuni, hasa mlangoni na wakati wa kugeuka. Dawa hupunguza kukakamaa na kurahisisha mwendo, lakini usawa wa mwili hauzitii sana dawa. Hapo ndipo mazoezi yanapohitajika.

Mwaka 2012 watafiti wa Oregon, Marekani, walitangaza matokeo ya wagonjwa 195 waliofanya mazoezi mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki 24. Waliofanya taichi, mazoezi ya polepole yenye asili ya Uchina, walisimama imara kuliko wenzao, na walianguka mara chache kuliko wale walionyoosha viungo tu. Mwaka 2023 ulitolewa uchambuzi wa majaribio 156, nao ukaonyesha kuwa mazoezi ya namna nyingi yana manufaa, bila ya tofauti kubwa iliyothibitika baina yake. Kwa hiyo zoezi bora ni lile ambalo mgonjwa atalipenda na kudumu nalo.

Mtaalamu wa tiba ya viungo alitufundisha haya. Baba ainuke kitini na kukaa tena mara kadhaa, mmoja wetu akiwa ubavuni. Ashike ukingo wa meza ya jikoni na kuhamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule. Atembee kwa hatua ndefu, kisigino kikitangulia, mikono ikipunga. Akigeuka, azunguke kwa upana kama jahazi, asijipinde papo hapo. Afanye hayo saa ambazo dawa inafanya kazi, na asisemeshwe wala asibebe kikombe anapotembea. Mazulia madogo tuliyaondoa. Na miguu ikinasa, tusimvute: asimame, avute pumzi, ahamishe uzito, kisha apige hatua moja kubwa.

Siku moja alinasa kizingitini kwa muda mrefu. Dada yangu, kwa kukata tamaa, akaanza kupiga mlango kwa mapigo ya dufu kama katika maulidi ya nyumbani. Baba akainua mguu, akavuka. Tulipomsimulia yule mtaalamu, hakushangaa. Alisema kuwa mapigo ya sauti, au hata mistari iliyochorwa sakafuni, humpa mgonjwa ishara ya nje pale ambapo ishara ya ndani imefifia. Tangu siku hiyo nyumba yetu haikukosa dufu.

Baba hakupona, kwani hadi leo tiba ya kuyaondoa maradhi haya haijapatikana. Lakini siku ya harusi ya mjukuu wake alitembea mwenyewe kutoka mlangoni hadi kitini pake, nasi tukimfuata nyuma, bila ya kumshika.

Ndugu zangu, nayasema haya kwa sababu jana usiku, tulipokuwa tukisalimiana, niliuona tena mkono unaofichwa mfukoni. Sitasema ni wa nani. Mficha maradhi kilio humuumbua. Mwenye mkono huo aende kwa daktari mapema, na aanze kutembea angali anaweza. Na sisi wana, tukitaka kumheshimu, tusimwambie, "Kaa, mzee wetu." Tumwambie, "Inuka, twende pamoja."