Majina Yatokayo Ardhini na Mbinguni

Hotuba iliyosomwa katika hafla ya maadhimisho ya hekalu letu



Nimepewa dakika chache niseme juu ya majina. Mimi si mwanachuoni. Elimu yangu iliishia sekondari, na umri wangu umepita nyuma ya kaunta ya duka. Naitwa Pankaj. Nilipokuwa mtoto, wenzangu walikuja kujua kwamba katika Kisanskriti panka ni matope na ja ni aliyezaliwa. Wakanicheka mwezi mzima: Mwana wa Matope! Nilirudi nyumbani nikilia. Foi wangu, yaani shangazi, dada yake baba, ambaye ndiye aliyenipa jina hilo, alinieleza kuwa kizaliwacho matopeni ni yungiyungi, ua linalochanua juu ya maji pasipo kuchafuka. Ua hilo ndilo pia Niraj, aliyezaliwa majini, na Saroj, aliyezaliwa ziwani.

Kwetu Wagujarati foi ndiye mtoa jina. Kuhani hutazama mwezi ulikuwa katika burji gani mtoto alipozaliwa, na burji hutoa herufi. Ile ya Ng'ombe hutoa B, V na U. Kisha watoto hushika pembe nne za kitambaa, mchanga akalazwa humo pamoja na majani ya mti wa pipal, akabembezwa kwa wimbo, na foi akalitamka jina.

Usha ni alfajiri, na katika Rigveda zimo tenzi takriban 20 za kuisifu. Sita ni mfuo wa plau, kwa kuwa mfalme Janaka alimkuta mtoto huyo ardhini alipokuwa akilima. Shashi ni mwezi, kwa maana ya mwenye sungura: wazee wa Bara Hindi walipotazama mabaka ya mwezi waliona sungura. (Majirani wanaomjua Sungura wa hadithi hawatashangaa kwamba alifika hata huko.) Samir kwa Kisanskriti ni upepo, kwa Kiarabu ni mwenzi wa mazungumzo ya usiku. Jina moja, mizizi miwili.

Sasa niseme lililonileta. Mwaka jana, wakati wa masika, nilipata mjukuu wa kike. Wazazi wake walikwisha kuchagua jina katika simu, nayo simu ilisema maana yake ni umande. Kuhani alipekua kamusi yake. Neno hilo halimo. Nilighadhibika. Mwanangu akaniambia, "Pappa, walimu wataweza kulitamka, yatosha." Siku mbili hatukusemezana.

Siku ya kumpa jina, binti yangu, ambaye ndiye foi, alipewa herufi ya V. Mvua ilikuwa ikipiga mabati hata wimbo hausikiki vema. Akatamka: Varsha. Maana yake ni mvua.

Cheti cha kuzaliwa kina jina la simu. Silipendi hadi leo, ila nakiri kwamba nilikosea kupaza sauti mbele ya mama aliyetoka kujifungua juzi. Ninachowaomba vijana ni hiki: kabla ya kwenda kuandikisha, mwulizeni foi, mwulizeni kuhani, mwulizeni bibi aliyeketi barazani, jina hili ni neno gani na limetoka wapi. Mtoto ataulizwa siku moja, kama nilivyoulizwa mimi, na yafaa awe na jibu.

Jirani yetu wa ukuta mmoja, mama wa Kijaluo, alipoambiwa maana ya Varsha alicheka akasema, "Basi huyu ni Akoth," jina wanalopewa wasichana waliozaliwa wakati wa mvua. Ndivyo anavyomwita kila asubuhi kutoka mlangoni pake, na mtoto humgeukia.